Friji ya Gari: Haja au Anasa?

Shule zikifungwa, familia zetu nyingi hushika njia: wa Mombasa huelekea Lamu kuzuru jamaa, wa Lamu hushuka Mombasa kwa matibabu na harusi. Siku hizi twaona magarini friji ndogo zinazotumia umeme wa gari, na baadhi ya akina mama wametuuliza kama ni haja au ni anasa. Kwa ajili ya soda baridi, twasema ni anasa. Kasha la barafu latosha. Lakini kwa mwenye kujidunga insulini, jambo ni jingine kabisa.

Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Iliyokwisha kuanza kutumika hustahimili joto la kawaida la chumba kwa muda wa wiki nne hivi, kwa aina nyingi. Gari lililofungwa juani Malindi wakati wa Adhuhuri si chumba, ni tanuri. Na ubaya wa dawa iliyoharibika ni kwamba mara nyingi haionyeshi dalili: mgonjwa hujidunga akidhani amejitibu, kumbe sukari yazidi kupanda. Iliyoganda nayo imeharibika, hata ikiyeyuka; itupwe.

Friji hizi ni za namna mbili, na sura zao hufanana, kwa hivyo muuzaji aulizwe waziwazi. Ile nyepesi na ya bei nafuu haina kompresa. Hupunguza joto kwa nyuzi 20 hivi tu chini ya hewa iliyoizunguka. Gari likiwa na nyuzi 38, ndani yake mtakuta 18. Hiyo yafaa maji na matunda, haifai nyama. Yenye kompresa hufanya kazi kama friji ya nyumbani. Ni ghali, lakini ndiyo ya kununuliwa ikiwa nyumbani mna mgonjwa.

Ipozwe kwa umeme wa nyumbani tangu usiku, na vitu viingie vikiwa baridi tayari. Dawa iviringishwe kitambaa isigusane na ukuta wa friji, na kipimajoto kidogo kiwekwe kando yake. Nyama mbichi ifungwe barabara na ikae chini.

Kisha betri. Yenye kompresa huvuta ampea 4 au 5 inapozunguka, na betri ya gari dogo ni ampea-saa 45 hivi. Friji ikiachwa usiku kucha injini imezimwa, asubuhi gari huenda lisiwake. Yapo magari yanayokata umeme wa tundu ufunguo ukitolewa. Betri husalimika, friji nayo hulala. Mkisimama Garsen kuswali, kifuniko kisifunguliwe, na Sala isikimbizwe kwa ajili ya friji.

Waendao Lamu wakumbuke kwamba gari huishia Mokowe. Hapo friji haina umeme tena, nanyi mwangoja boti. Chukueni kasha dogo lenye pakiti za barafu kwa ajili ya kuvuka. Kasha hilo lafaa pia maziwa aliyokamua mama: pakiti zikiwa zimeganda vyema, hudumu humo hadi saa 24. Na asiye na uwezo wa friji aanze na kasha hilo hilo tangu nyumbani, akibadilisha barafu njiani.