Shabaha ya Zamani, Dawa Mpya

Mjamzito wa Mtopanga akienda kliniki hupewa vidonge vitatu vya SP vya kumkinga na malaria, ilhali mgonjwa wa malaria hatibiwi tena kwa dawa hiyo. Kenya iliitegemea SP tangu 1998, klorokwini iliposhindwa, na mwaka 2004 ikaamua kuhamia dawa mseto. Kilichotokea kinajulikana vizuri. Pirimethamini iliyomo ndani ya SP huzuia kimeng'enya cha kimelea kiitwacho DHFR, ambacho bila hicho kimelea hakiundi DNA wala hakizaliani. Kiungo kimoja tu cha kimeng'enya hicho, cha nafasi ya 108, kilipobadilika, dawa ilianza kupoteza nguvu. Mabadiliko mengine yakaongezea. Wako wanaosema DHFR basi si shabaha tena. Naona wanakosea: kilichoshindwa ni umbo la dawa moja.

Mwaka 2003 watafiti wa Thailand walichapisha umbo la kimeng'enya hicho, atomu kwa atomu. Hapo kompyuta iliweza kuonyesha kwamba pirimethamini ni molekuli isiyopindika, na kwamba inagongana na kiungo kilichobadilika. Wakabuni P218, yenye mkia unaonyumbuka na inayoenea ndani ya nafasi ileile kinamokaa kitu ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kimelea kikijaribu kuifukuza dawa, kitaharibu nafasi kinayoihitaji chenyewe. P218 imekwisha kujaribiwa kwa watu.

Atakayepinga atasema kompyuta haijui damu ya mtu, na ana ushahidi wa karibu. Kilifi, kaskazini mwa Mtopanga kwa barabara ya Malindi, ndiko ulikofanywa utafiti mwingi wa dawa zilizozaa Lapdap, dawa ya malaria iliyowinda DHFR hiyohiyo. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni, kwa kuwa dapsoni iliyochanganywa humo ilivunja chembe nyekundu za wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha binadamu. Upungufu huo ni wa kawaida Pwani, kwa sababu uliwapa waliourithi nafuu dhidi ya malaria. Pingamizi hilo ni zito, lakini halifuti kazi ya kompyuta. Linatuonyesha ikamilishwe wapi. Kompyuta huchuja maelfu ya molekuli zikabaki chache, na hizo chache zipimwe mapema kwa damu ya Wapwani, katika maabara za hukuhuku. Wala hakuna muda wa kungoja: usugu dhidi ya artemisinini, iliyomo katika dawa mseto, umeshathibitishwa Rwanda na Uganda.