Matunguu ya Maua Yaliyobaki Yasitupwe

Desemba ikifika, maduka mengi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini huuza kwa bei ya chini mifuko ya matunguu ya maua iliyokosa wanunuzi. Ni matunguu ya tulipu, dafodili, hayasinti na krokasi, maua yanayochanua baridi inapoanza kuondoka. Kwa sura yanafanana mno na vitunguu vya jikoni. Wakati wake hasa wa kupandwa ni Septemba hadi Novemba. Lakini akina mama mnaijua miezi hiyo: shule zimefunguliwa, makoti ya watoto ya mwaka jana yamekuwa mafupi, na jua linazama kabla mtu hajatoka kazini. Mfuko ulionunuliwa kwa nia njema unasahauliwa nyuma ya mlango mpaka Krismasi.

Dada zetu wengi siku hizi wanaishi huko na waume na watoto wao, katika miji kama London, Toronto na Minneapolis. Tunawaandikia hao kwanza, na ninyi mlioko nyumbani tutawafikia hapo mbele. Je, mfuko huo utupwe, uwekwe hadi mwaka ujao, au upandwe ingawa wakati umepita?

Upandwe, tena wiki hii hii. Punje ya mahindi ikihifadhiwa vizuri pakavu husubiri msimu wake. Tunguu haliwezi kusubiri namna hiyo, kwa sababu ni mmea mzima uliolala. Ukilipasua tunguu la tulipu mwezi wa Desemba, utakuta katikati ua dogo sana ambalo limekwisha kuumbika, limezungukwa na magamba manene yaliyojaa chakula. Likikaa mfukoni linakula akiba yake na kupoteza maji siku hata siku, na majira yajayo yakifika utakuta ganda tupu. Kuliweka hadi mwaka ujao ni kulitupa polepole.

Kwanza yachambue. Libonyeze kila moja kwa kidole. Lililo gumu na zito mkononi ni zima, hata kama ngozi yake ya nje imebambuka au ina ukungu kidogo wa rangi ya buluu; ufute kwa kitambaa kikavu. Lililo laini, linalonuka, au jepesi kama karatasi, hilo kweli litupwe.

Tulipu ndiyo inayovumilia kuchelewa kuliko nyingine. Wakulima wazoefu huichelewesha kwa makusudi mpaka Novemba, kwani udongo ukiwa baridi hupunguza ugonjwa wa ukungu unaounguza majani yake. Ikipandwa Desemba, hata Januari, mara nyingi huchanua, ila kwa kuchelewa na kwa shina fupi zaidi. Dafodili hupenda kuanza mizizi mapema, kwa hiyo mwaka wa kwanza huenda ikatoa majani bila ua. Usiing'oe, mwaka unaofuata inaweza kurudi vizuri. Krokasi ni ndogo na hukauka upesi. Kama una mifuko mingi na saa moja tu ya mwanga, anza na krokasi na dafodili.

Chimba shimo ambalo kina chake ni mara tatu ya urefu wa tunguu. Kwa tulipu ni kama sentimita 15. Ncha ielekee juu. Kama huioni ncha, lilaze ubavu, shina litajua njia. Mwagilia mara moja. Udongo ukiwa umeganda juu tu, vunja ganda hilo kwa sururu upande chini yake. Ukiwa umeganda kabisa, usijiumize mgongo: chukua chungu au ndoo kuukuu yenye matundu chini, jaza udongo wa dukani, panda matunguu yakikaribiana bila kugusana, kisha weka kwenye gereji isiyo na joto au kando ya ukuta wa nyumba.

Usiingize chungu hicho sebuleni kwa kukihurumia. Matunguu haya yanahitaji baridi ili ua liweze kurefuka na kutoka. Tulipu huhitaji kama wiki 12 hadi 16 za baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi za Selsiasi. Wapo wanaotumia friji, na inafaa, ila yasikae pamoja na tofaa au ndizi. Matunda yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huua ua likiwa bado ndani ya tunguu.

Kuhusu friji na jikoni tunalo onyo. Dafodili ina sumu, nayo ikiliwa huleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo. Tunguu lake likiachwa kwenye kapu la vitunguu, mgeni aliyekuja kukusaidia kupika, au binti yako wa miaka 12, atalikatakata bila kujua. Weka mfuko wenye jina mbali na vyakula, na mbali na mtoto anayetambaa. Mtu akiila, mpeleke hospitalini pamoja na kipande kilichobaki. Vaa glovu unaposhika hayasinti, kwa maana huwasha ngozi.

Kuna akina mama waliowahi kupika matunguu ya tulipu wakijua wanachofanya. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Waholanzi wa magharibi walikumbwa na njaa kali chini ya jeshi la Ujerumani. Kwa sababu ya vita matunguu mengi hayakupandwa, yakabaki ghalani makavu, na watu wakayala. Waliondoa kiini cha katikati, wakayachemsha au kuyasaga unga. Hakuna aliyeyapenda, na maelfu ya watu walikufa hata hivyo. Sisi tunaosoma haya tumeshiba tusiyajaribu.

Sasa kwenu mlioko nyumbani. Binti akija likizo akawaletea mfuko wa tulipu, mshukuruni, lakini msitarajie bustani ya Uholanzi Mwanza wala Mombasa. Bila ile baridi ndefu, majani yatatoka na ua litakwama. Tena mimea ya kupandwa ina masharti ya kibali na cheti cha afya mpakani, na huenda mfuko ukaishia uwanja wa ndege. Pandeni gladioli, ambayo haihitaji baridi hiyo na huchanua vizuri katika nyanda zetu za juu.

Kwa aliye huko ughaibuni, maua yakishanyauka kazi haijaisha. Kata ua lililokufa, lakini majani yaache yajifie yenyewe, hata kama yanaonekana machafu mbele ya majirani. Yanachukua kama wiki sita, na katika muda huo ndipo tunguu linapojaza akiba ya mwaka ujao. Mume akitoka na mashine ya kukata nyasi, mwonyeshe mapema mahali pa kupita.