Kutawakali Mzazi Anapougua Ghafla

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Neno "kutawakali" tunalitamka kila siku hapa Urambo, na aghlabu tunalitamka tukiwa tumechoka kufikiri. Mvua ikichelewa, tumbaku ikikosa bei, tunasema tumemuachia Mungu. Si vibaya. Lakini siku mzazi wako mzee anapoanguka ghafla, ndipo utajua kama maana yake uliielewa. Mimi sikuwa nimeielewa, ingawa nilikuwa nikiifundisha.

Mama yangu, aliyekwishapita miaka 70, alitoka kutia udhu wa Alfajiri, tukasikia kopo limeanguka. Tulimkuta amekaa chini karibu na mlango wa uani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, anataka kusema na maneno hayatoki. Kabla hakujapambazuka nyumba ilikuwa imejaa watu. Mmoja akasema ni upepo mbaya. Mwingine akasema ametupiwa jini. Jirani mmoja, mtu wa ibada kweli, akatuambia tusihangaike, tumuachie Mola. Nami, kwa kuwa ndiye ustadh wa nyumba, nikakimbilia chupa ya maji ya kombe, nikamwinua mama kichwa na kuanza kumnywesha. Akapaliwa vibaya sana. Dada yangu alininyang'anya kikombe, akamlaza mama kwa ubavu, akamtuma kijana kutafuta gari. Niliona amenivunjia heshima mbele za watu.

Hospitali ndipo nesi aliponieleza, bila kunisuta, kwamba dada ndiye aliyefanya sawa.

Maradhi yale huitwa kiharusi. Mshipa wa damu unaolisha ubongo huziba kwa donge la damu, au hupasuka, na sehemu ile ya ubongo ikaanza kufa kwa kukosa damu. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye kazi ya maneno. Kwa hiyo mama alipoteza vyote viwili kwa pamoja. Kiharusi huweza pia kulegeza misuli ya kumeza. Maji, uji, asali, hata maji ya Zamzam, huweza kuingia kwenye mapafu badala ya tumbo. Mgonjwa wa namna hii hapewi kitu kinywani mpaka wenye ujuzi wahakikishe kwamba anameza vizuri. Wala asipewe aspirini nyumbani, kwa sababu ikiwa mshipa umepasuka, dawa hiyo inaweza kuzidisha kuvuja damu.

Je, hii ina maana kisomo kiachwe? Hasha. Msomee, mwekee mkono, muombee dua ndani ya gari njia nzima. Qur'ani haihitaji kupita kooni ndipo imfae mgonjwa.

Sasa turudi kwenye tawakkul. Mtazameni Nabii Yaqub (A.S.) katika Surat Yusuf. Naye alikuwa mzazi mzee, na macho yake yalipofuka kwa huzuni. Wanawe walipokuwa wakienda Misri aliwaagiza wasiingie wote kwa mlango mmoja, bali wapite milango mbalimbali. Papo hapo akawaeleza kwamba tahadhari hiyo haiwezi kuzuia alilolikadiria Mungu, na kwamba Mungu ndiye tegemeo lake. Mambo mawili katika aya moja, wala hakuona kuwa yanagongana! Na baadaye, alipokwisha kumpoteza Yusuf kwa miaka mingi, aliwatuma tena wakamtafute, akiwakataza kukata tamaa na rehema ya Mola wao. Hakukaa barazani kungoja.

Na katika Hadithi aliyoipokea Usama bin Sharik (R.A.), mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu. Aliwaambia wajitibu, kwani kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Hadithi hii inatufaa sana sisi wenye wazazi wazee: kiharusi kinatibiwa, miaka haitibiwi. Tunampeleka mama hospitali bila kudai arudi kuwa binti.

Wazee wetu wa njia ya misafara walilijua jambo hili. Safari ya mguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa ya miezi, na hakuna aliyeondoka bila dua. Lakini hakuna pia aliyeondoka bila kiongozi wa njia, chakula na kitu cha kulipia hongo. Mwaka 1871, vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipofunga njia ya Ujiji, msafara wa Stanley, uliokuwa na waungwana wengi kutoka Unguja, ulizunguka kwa kusini. Njia ilifungwa, wakaipinda.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, nalo ni kumfanya daktari kuwa mponyaji. Hapa hapa Urambo daktari wa kimisionari, Ebenezer Southon, alifariki mwaka 1882 kwa jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Miaka miwili baadaye Mirambo mwenyewe, aliyekuwa akitetemesha nchi, akafa kwa maradhi. Nabii Ibrahim (A.S.) alikwishatufundisha kwamba anapougua, Mungu ndiye amponyaye.

Kwa hiyo mkiona uso wa mzee umepinda, mkono umelegea au maneno yamevurugika, fanyeni hima. Jambo la kwanza, kumbukeni ilikuwa saa ngapi, kwa sababu ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Mlazeni kwa ubavu. Waombeni wampime na sukari, maana sukari ikishuka sana huweza kuleta dalili kama hizo. Dalili zikitoweka baada ya dakika chache, msishangilie mkabaki nyumbani. Hilo ni onyo, nendeni. Kutoka hapa mjini hadi Hospitali ya Kitete, Tabora, ni karibu kilomita 90, basi msisubiri kwanza ukoo wote ukutane. Na msiogope kuuliza msamaha wa malipo: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikusudia wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure.

Mama alikuwa na presha na tulikuwa tunajua. Vidonge aliviacha kwa kuwa alijisikia vizuri, na sisi tukaona ni nafuu aliyojaaliwa. Presha haina maumivu. Vidonge vyake ni vya kila siku. Ukikaribia mwezi wa Ramadhani, mpelekeni mzee kwa daktari ampangie vidonge vya daku na futari, au amwambie kama afya yake hairuhusu kufunga. Chumvi ipunguzwe. Tumbaku pia huongeza hatari ya kiharusi. Najua nazungumza na watu ambao ada za shule zimetoka humo, nami ni mmoja wao.

Kwa miezi mingi nilijilaumu kwa kile kikombe na kwa saa ile tuliyoipoteza. Mtume (S.A.W.) ametukataza kusema "lau ningefanya hivi", kwa kuwa humfungulia Shetani mlango. Nilimwomba dada msamaha. Akacheka, akaniambia nikamnunulie mama vidonge, vimebaki vya siku 2.

Mkono wa kulia wa mama haujarudi sawasawa. Maneno yamerudi, ila anatafuta majina ya wajukuu. Anaswali ameketi, na baada ya swala anahesabu tasbihi kwa mkono wa kushoto, polepole, na akipotewa na hesabu anaanza upya.

Wabillahi tawfiq.