Mkimbizi aliye ndani ya mkimbizi

Afya ya nafsi: makala ya tatu

Wasomaji waliofuatana nasi tangu mwanzo watakumbuka kwamba makala ya kwanza ilieleza kiwewe ni nini, na ya pili ikaonyesha kwa nini mwili huendelea kushtuka hata baada ya hatari kupita. Leo tunaingia katika swali ambalo mgonjwa hujiuliza mwenyewe kabla hajamfikia daktari: mbona ndani yangu naona kama tuko wengi?

Kiswahili kimelijua jambo hili tangu zamani. Tuvisikilize vitenzi vyetu. Mtu husema, "Nilijikuta nalia sokoni." Basi yuko aliyelia, na yuko aliyemkuta analia. Aliyefiwa huambiwa "jikaze", maana yake ndani yake yumo anayekaza na yumo anayekazwa. Aliyekosea hujirudi. Aliyezidiwa na machungu hujisahau katika pombe. Wala hatumwiti yeyote kati ya hao mwendawazimu, kwa sababu sote tunajua kwamba moyo unaweza kutaka na akili ikakataa, na nafsi ikamsuta mwenyewe. Binadamu ni nyumba yenye wakazi kadhaa. Ugonjwa huanza pale wakazi hao wanapoacha kusemezana.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1889 Mfaransa Pierre Janet alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi tukio la kutisha linavyoweza kukata kipande cha nafsi kikabaki peke yake, kikiwa na kumbukumbu zake na hofu zake, huku mtu akiendelea na maisha kama kwamba hakuna lililotokea. Karibu karne nzima baadaye, katika miaka ya 1980, Mmarekani Richard Schwartz alikuwa akitibu familia huko Chicago. Akawasikia wagonjwa wake, hasa vijana wenye matatizo ya kula, wakisema mara kwa mara: "sehemu yangu moja inataka hivi, nyingine inataka vile." Yeye alikuwa amezoea kuwasikiliza baba, mama na watoto waliokosana, akaona kwamba hata sehemu hizo za ndani zinaweza kusikilizwa vivyo hivyo, kama familia. Tiba hiyo aliiita Mfumo wa Familia ya Ndani, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995.

Schwartz alizigawa sehemu hizo katika makundi matatu. La kwanza ni wasimamizi: wanaoamka mapema, wanaopanga, wanaosema jikaze, wanaohakikisha jirani haoni machozi. La pili ni wazimamoto: maumivu yakilipuka, hukimbilia chochote cha kuyazima upesi, iwe pombe, hasira, usingizi wa mchana kutwa au kisu. Kundi la tatu ni zile sehemu changa zilizoumizwa, ambazo wenzao wamezifungia nje ili nyumba iendelee kuishi. Hizo alizipa jina ambalo msomaji wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale hahitaji kuelezwa: waliofukuzwa makwao.

Juu ya hao wote, anasema Schwartz, yuko mwenye nyumba. Huyo hakuumizwa, ana utulivu na huruma, na kazi ya tiba ni kumrudisha kwenye kiti chake ili awasikilize wote bila kumfukuza hata mmoja.

Tuyatazame basi makazi yenyewe ya waliofukuzwa makwao. Makazi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, na mji mkubwa wa karibu ni Mbarara. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda. Baada yao wamekuja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kila kundi limekuja na maneno yake ya maumivu. Mnyarwanda atasema ihahamuka, neno linalobeba picha ya mtu aliyekatika pumzi kwa hofu. Mkongomani atakuambia ana mawazo mengi, kichwa kimejaa. Wanakutana sokoni na kwenye foleni ya zahanati, na mara nyingi lugha inayowaunganisha ni Kiswahili.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Si mtu fulani. Nimemtunga ili nieleze, lakini wengi watamtambua. Alitoka Kivu Kaskazini, sasa analima mahindi na maharage katika kiwanja chake. Huamka kabla ya jogoo, hufagia, huteka maji, na Jumapili huimba kwaya. Majirani humsifu kuwa hodari. Huyo ni msimamizi wake. Lakini pikipiki ikitoa mlipuko barabarani, mama huyu humpiga mwanawe kwa kosa dogo, kisha hujilaza siku mbili bila kusema na mtu. Huyo ni mzimamoto. Na nyuma yao wote yuko mwanamke aliyelala kifudifudi katika migomba usiku mmoja, akisikia yaliyokuwa yakitendeka nyumbani kwake.

Mshauri asiyejua kazi atamwambia, "Mama, sahau hayo, mshukuru Mungu uko hai." Mshauri aliyefunzwa huanza kwa msimamizi, kwa heshima, kama mgeni anavyobisha hodi.

"Mama, huyo anayekukataza kulala usiku, ukimsikiliza vizuri, anaogopa nini?"

"Anaogopa nikilala, watakuja."

"Mwambie asante kwa kukesha miaka yote hii. Sasa muulize: anajua kwamba uko Uganda?"

Mama hunyamaza muda mrefu, akiutazama mlango.

"Hajui," anasema.

Katika neno hilo moja limo fundisho lote la tiba hii. Mwili ulivuka mpaka, ukaandikishwa, ukapewa kadi na kiwanja. Mlinzi wa ndani, yule msimamizi, hakuvuka. Bado analinda nyumba ya Kivu ambayo haipo tena, na yule wa migombani hajawahi kuambiwa kwamba kulikucha. Ukimlazimisha mlinzi huyo aondoke, atakaza zaidi. Ukimshukuru na kumpa habari za leo, huenda akakuonyesha anayemlinda.

Je, haya ni mambo ya wageni tu? Mbarara inatupa jibu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina idara ya magonjwa ya akili ambayo daktari Mholanzi Marjolein van Duijl aliifanyia kazi kwa miaka kadhaa. Hakuridhika kuwaona wanaofika hospitalini peke yao. Alikwenda hadi kwa waganga wa jadi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, yeye na wenzake waliwalinganisha watu 119 ambao waganga walisema wamepagawa na watu 71 wasiopagawa waliofanana nao kwa hali nyingine. Waliopagawa walikuwa na dalili nyingi zaidi za mtengano wa nafsi: kuongea kwa sauti isiyo yao, kuhisi wanasukumwa na nguvu wasizozijua, kupoteza sehemu za kumbukumbu, mwili kukakamaa. Pia walieleza kupatwa na matukio mengi zaidi ya kutisha. Na kadiri matukio yalivyozidi, ndivyo dalili zilivyozidi. Lakini wao wenyewe hawakuyaunganisha mawili hayo. Hawakusema, "Naumwa hivi kwa sababu nilitendewa vile." Walimtaja pepo.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Mtu hawezi kusema lililompata. Pengine ni aibu, pengine aliyemtenda ni ndugu, pengine kumbukumbu yenyewe imefungiwa. Basi linasemwa na mwingine kupitia kinywa chake. Mwaka 2013, kitabu cha Marekani ambacho madaktari wa akili hutumia kuainisha maradhi kilifanyiwa marekebisho, na kwa mara ya kwanza kupagawa kukatajwa waziwazi ndani ya maelezo ya ugonjwa wa kugawanyika kwa nafsi.

Sisemi kwamba pepo ni sehemu za nafsi tu. Hilo ni suala la imani, na makala hii haina haki ya kuliamua. Ninachosema ni kuhusu namna ya kumwendea mtu. Katika pwani yetu, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti, na mganga stadi, kabla ya lolote, huuliza: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Humpa aliyepanda nafasi ya kusema, humtuliza, hupatana naye. Utaratibu huo unafanana sana na ule wa mshauri na mama yetu wa Kivu. Unatofautiana kabisa na kumfunga mtu kamba, kumnyima chakula na kumchapa ili atoke aliyemo. Anayechapwa ni yuleyule aliyekwisha kuchapwa vitani.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana huruma bila ushahidi inaweza kupoteza watu. Nakivale yenyewe ni jina linalojulikana katika historia ya tiba ya kiwewe duniani. Wanasaikolojia Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert, waliokuwa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walitengeneza tiba ya kusimulia maisha. Pamoja na wenzao, akiwemo Lamaro Patience Onyut, waliijaribu katika makazi haya kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye maradhi ya kiwewe. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa washauri wa kawaida waliopewa mafunzo ya muda mfupi.

Tiba hiyo huanza na kamba inayonyooshwa sakafuni. Kamba ni maisha, tangu kuzaliwa hadi leo. Mgonjwa huweka ua mahali pa furaha: ndoa, mtoto, shule. Huweka jiwe mahali pa msiba. Kisha, katika vikao vinavyofuata, husimulia kutoka mwanzo, kwa mpangilio. Wakifika kwenye jiwe, mshauri hapiti haraka. Huuliza: uliona nini, ulisikia nini, moyo ulipiga vipi, ulifikiri nini, na sasa hivi hapa tulipokaa mwili unahisi nini? Huandika. Kikao kijacho humsomea alichosimulia, naye husahihisha. Mwishoni mgonjwa hukabidhiwa kitabu cha maisha yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mwisho wa kufuatiliwa, asilimia 70 ya waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na kiwango cha dalili kinachoitwa ugonjwa. Waliopata ushauri wa kawaida wa kiwewe, usio na utaratibu mkali, walifikia asilimia 65. Wasiopata tiba walikuwa asilimia 37. Walioacha tiba ya kusimulia njiani walikuwa asilimia 4 tu, ilhali ushauri wa kawaida uliachwa na asilimia 21.

Tiba hii haiitwi tiba ya sehemu za ndani, lakini kazi za tiba hizi mbili zinakutana. Jiwe juu ya kamba lina mahali pake na mwaka wake, na mbele yake kamba inaendelea. Yule aliyebaki migombani hupewa tarehe, jina la kijiji, na habari kwamba usiku ule ulikwisha. Huingizwa katika hadithi ya mtu mzima badala ya kukaa nje akigonga.

Kwa upande wa Mfumo wa Familia ya Ndani, ushahidi bado ni mchanga. Jaribio la kiwewe lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa na watu wazima 17 tu, bila kundi la kulinganisha. Matumaini yapo, lakini aliye na nafasi ya kuchagua tiba ya kiwewe Nakivale aanze na ile iliyopimwa hapo hapo, na lugha ya sehemu za ndani imsaidie kujielewa.

Kuna tahadhari tatu. Kwanza, mtu anayeanguka, anayeropoka au anayepotewa na fahamu apimwe malaria na kifafa kabla hajaambiwa ana pepo au kiwewe; zahanati za makazi zipo, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara inapokea walioshindikana. Pili, usimfungue mtu kidonda usichoweza kukifunga. Kumdadisi mama juu ya usiku wa vita kisha ukaondoka na daftari lako ni kumrudisha migombani na kumwacha huko. Tatu, mlinzi wa ndani hawezi kuamini kwamba vita vimekwisha wakati mtoto analala njaa au mume anapiga. Chakula na usalama ni sehemu ya tiba.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mashehe, walimu na wazee wa vijiji. Anapoletwa kwenu mtu anayesema kwa sauti isiyo yake, au mama hodari aliyegeuka mkali ghafla, msianze kwa kukemea. Mketisheni, mpeni maji, muulizeni kwa upole: ni nani anayeogopa humo ndani, na anaogopa nini? Kisha mfikisheni kwa mshauri aliyefunzwa. Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi ajenge na alime. Mkimbizi wa ndani naye anahitaji mahali, na mwenye kumpa ni yuleyule aliyemfungia nje, akisaidiwa na anayejua kusikiliza.

Makala ijayo itahusu watoto waliozaliwa makambini, ambao hawakuona vita lakini wanaviota.