ASILI YA GEMU: SINEMA INATUFUNDISHA NINI?



Siku hizi katika senta nyingi utaona vijana wameizunguka televisheni. Wameshika vidude vyenye vitufe, wanapiga kelele. Wanacheza gemu. Hapa Nemba wazee huuliza: jamani, mambo haya yametoka wapi? Je, yana ubaya? Leo tujifunze kidogo.

Sinema ya kumbukumbu

Sinema ni za aina nyingi. Sinema ya hadithi ina waigizaji. Sinema ya kumbukumbu huonyesha mambo ya kweli, na waliohusika husimulia wenyewe. Mwaka 2020 kampuni ya Netflix ya Marekani ilitoa sinema ya namna hiyo. Inaitwa High Score, nayo ina sehemu 6. Inaeleza historia ya gemu za zamani.

Gemu zilianzaje?

Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitengeneza gemu iitwayo Pong. Ilifanana na tenisi ya mezani: mistari miwili mifupi, na nukta moja ikiruka huku na huku. Mashine ya majaribio iliwekwa kwenye baa. Mchezaji alitumbukiza sarafu ndipo acheze. Baada ya siku chache mashine ikagoma. Fundi akaifungua. Kumbe haikuharibika, ilikuwa imejaa sarafu!

Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alileta Space Invaders, mchezo wa kuwapiga maadui washukao kutoka angani. Mwaka 1997 kampuni ya Nokia iliweka mchezo wa nyoka ndani ya simu. Huo wengi wetu tumeucheza kwenye simu za tochi.

Jerry Lawson, fundi aliyesahauliwa

Jerry Lawson alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa New York mwaka 1940. Akiwa kijana alitengeneza televisheni za watu ili apate fedha.

Zamani mashine za nyumbani zilikuja na michezo yake ndani. Ukiichoka, basi. Lawson aliongoza mafundi wa kampuni ya Fairchild, na mwaka 1976 wakatoa mashine ya Channel F. Hiyo ilitumia kaseti za michezo. Ni kama redio kaseti: unabadilisha kaseti, redio ni ile ile. Njia hiyo ilienea duniani. Lakini kwa miaka mingi wachache walilijua jina lake. Alifariki mwaka 2011. Katika sinema, watoto wake ndio wanaomsimulia. Ndiyo faida ya kuweka kumbukumbu: kazi ya mtu haipotei.

Tusichanganye gemu na dubwi

Gemu ni mchezo wa akili na wepesi wa mikono. Ni ndugu ya bao letu, na ya igisoro ya majirani zetu wa Rwanda na Burundi, yenye mashimo 32 na kete 64. Ukishinda unapata sifa.

Dubwi ni kamari. Unatumbukiza sarafu ukitumaini kupata nyingi. Lakini mashine imepangwa ili mwisho wa yote mwenye nayo apate faida. Akili yako haisaidii kitu. Tupige hesabu: anayepoteza shilingi 1,000 kila siku, kwa siku 30 amepoteza shilingi 30,000. Hiyo ni fedha ya madaftari na sabuni. Tena Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza watoto wa chini ya miaka 18 kucheza kamari.

Basi, mtoto akicheza gemu baada ya shule na kazi, tusimfokee bure. Tumwekee muda. Akiwa kwenye dubwi, tumtoe mara moja, na tumweleze mwenye mashine kwamba anavunja sheria.

Maswali ya kujadili

1. Kaseti ya Lawson ilibadilisha nini?
2. Gemu na dubwi zinatofautianaje?
3. Nani kijijini kwenu anajua michezo ya zamani? Mwulizeni, mwandike sheria zake kwenye daftari.