Upasuaji wa Mgongo: Damu Huanza Kuokolewa Nyumbani

Kamati za parokia zinazosindikiza wagonjwa hutuuliza swali moja mara kwa mara. Nauli imechangwa, fedha za upasuaji zimepatikana, mtoto mwenye mgongo uliopinda amefikishwa kwa daktari. Kisha anarudishwa nyumbani na vidonge, arudi baada ya wiki kadhaa. Je, huko si kupoteza muda na michango ya watu? Katika toleo hili tunaeleza kwa nini wiki hizo ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Damu ya mtoto ni kidogo

Mtoto ana takriban mililita 75 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Hivyo mtoto wa kilo 20 ana lita moja na nusu tu. Kunyoosha mgongo ni kazi ya saa nyingi: misuli hutenganishwa na mfupa, na pingili hutobolewa ili kufungwa skrubu na vyuma. Mshipa uliokatika unaweza kufungwa kwa uzi, lakini mfupa uliotobolewa huchuruzika muda wote.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya usalama wa upasuaji ya mwaka 2008, linataka timu ijiandae mapema iwapo mtoto anaweza kupoteza zaidi ya mililita 7 kwa kila kilo. Kwa mtoto huyo wa kilo 20 ni mililita 140, yaani chini ya nusu ya chupa ya soda. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, hapa Tanzania, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizoijaribu orodha hiyo.

Wenye maradhi mengine

Hatari huzidi kwa mgonjwa mwenye maradhi mengine. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hufungwa vyuma kwenye pingili nyingi zaidi, na baadhi ya dawa za kifafa hudhoofisha kuganda kwa damu. Mwenye selimundu huanza safari akiwa na upungufu wa damu. Na aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi, mwili wake unaweza kuwa na kingamwili zinazokataa damu ya watu wengi, hivyo kumpatia inayolingana huchukua muda. Mwenye kifua kikuu cha mgongo huwa amedhoofishwa na ugonjwa wa muda mrefu.

Kazi ya wiki za kusubiri

Katika wiki hizo wingi wa damu hupimwa, minyoo na malaria hutibiwa, lishe huimarishwa, na mwenye upungufu wa madini ya chuma hupewa vidonge. Mwili hauwezi kutengeneza damu kwa siku mbili. Mwenye selimundu hapewi vidonge hivyo kwa mazoea, kwa sababu upungufu wake una chanzo kingine, hupimwa kwanza.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mgonjwa hulazwa kifudifudi, lakini tumbo huachwa lining'inie bila kukandamizwa. Tumbo likibanwa, damu hukosa njia yake ya kawaida na kujaa kwenye mishipa inayozunguka uti wa mgongo, nayo huvuja zaidi. Relton na Hall wa Toronto walieleza fremu ya kumlaza mgonjwa namna hiyo mwaka 1967. Mwili pia huhifadhiwa joto, kwa kuwa mwili uliopoa hugandisha damu vibaya. Presha haishushwi kupita kiasi, maana uti wa mgongo nao unahitaji damu.

Ipo pia dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, ambayo huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Utafiti wa mwaka 2010 kwa majeruhi zaidi ya 20,000 ulionyesha kuwa inaokoa maisha, na katika upasuaji wa mgongo imeonekana kupunguza damu inayopotea. Hata hivyo, daktari huipima kwa uangalifu kwa mwenye kifafa au aliyewahi kupata damu iliyoganda ndani ya mishipa. Mashine ya kukusanya damu, kuisafisha na kumrudishia mgonjwa ni ghali, na kwa kawaida haitumiki penye maambukizi.

Wajibu wetu

Tunaziomba kamati zifanye mambo manne. Kwanza, mgonjwa apelekwe na dawa zake zote, zikiwemo za kienyeji, bila kuficha. Pili, asiache dawa ya kifafa wala nyingine yoyote bila ushauri wa daktari. Tatu, familia isaidiwe chakula katika wiki za kusubiri. Nne, waumini wachangie damu mapema, si asubuhi ya upasuaji: mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4.

Kwenu wafadhili, tunaomba mkubali kwamba nauli ya safari ya pili, vipimo na mayai ya wiki sita ni gharama halali za upasuaji. Mchango unaolipia kisu peke yake humfikisha mtoto mezani akiwa hajawa tayari.