"Daraja la Tatu" la Vyuo vya Marekani: Tufasirije?

Wanafunzi wetu wanapofasiri habari za michezo ya vyuo vya Marekani huandika "daraja la tatu", na msomaji hudhani ni timu iliyoshuka daraja. Sivyo. Huko, daraja hilo ni la vyuo visivyotoa ufadhili wa masomo kwa misingi ya michezo. Timu haipandi wala haishuki kwa matokeo ya uwanjani.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Saint John's, Minnesota, mwaka 2003. Mchezo wenyewe si kandanda: mpira una umbo la yai na hubebwa mikononi. Timu hiyo ilishinda mechi zake zote 14. Mwezi Novemba kocha John Gagliardi alifikisha ushindi wa 409, akampita Eddie Robinson aliyekuwa na 408. Mwezi Desemba, katika fainali, waliishinda Mount Union, iliyokuwa haijafungwa katika mechi 55 mfululizo, kwa pointi 24 kwa 6.

Hivyo basi, tunapendekeza "kundi la tatu la vyuo", pamoja na maelezo mafupi. Bila maelezo hayo, bingwa wa taifa katika kundi lake ataonekana kama timu iliyoshindwa.